Geraldine Farrar au Emmy Destinn: Uanze na Yupi?

Tarehe 10 Desemba 1910, katika Metropolitan Opera ya New York, Emmy Destinn aliingia jukwaani akiwa Minnie, mwanamke mwenye baa ya wachimba dhahabu wa California, katika onyesho la kwanza duniani la La fanciulla del West ya Giacomo Puccini. Siku 18 baadaye, kwenye jukwaa hilohilo, Geraldine Farrar alitoka akiwa msichana mchunga mabata bukini katika onyesho la kwanza duniani la Königskinder ya Engelbert Humperdinck, na mabata wenyewe walikuwa hai, wakitembea na kupiga kelele jinsi walivyotaka. Watunzi wote wawili walikuwa wamevuka bahari kuja kushuhudia kazi zao.

Wanaoanza kusikiliza waimbaji wa opera wa mwanzo wa karne ya 20 hukabidhiwa Enrico Caruso, mwimbaji wa sauti ya tenori, bila hata kuulizwa, na kwa upande wa wanaume jambo hilo halina ubishi mkubwa. Upande wa wanawake ndiko mtu hupotea, kwa kuwa majina ni mengi, santuri zinakwaruza, na kila mpenzi mkongwe ana malkia wake ambaye hataki aguswe. Ushauri wangu ni kupunguza uwanja hadi kwa hawa wawili. Walipita katika majumba yaleyale, wakaimba kando ya Caruso yuleyule, na hata wakagawana uhusika mmoja mkubwa, kiasi kwamba tofauti inayosikika kati yao ni ya wao wenyewe na si ya mazingira. Kwa mtu anayetaka kujua sikio lake linapenda nini, hakuna jozi iliyo rahisi zaidi kupimia.

Farrar alizaliwa Melrose, Massachusetts, tarehe 28 Februari 1882, binti wa Sidney Farrar, mchezaji wa besiboli ya kulipwa katika timu ya Philadelphia. Destinn alikuwa amemtangulia kwa miaka minne, akizaliwa Prague tarehe 26 Februari 1878 kwa jina la ukoo la Kittlová. Alianza na fidla kabla ya kugeukia uimbaji, na jina lililompa umaarufu aliliazima kwa mwalimu wake wa sauti, Marie Loewe-Destinn, kama heshima kwake. Ukumbi wa Taifa wa Prague haukumtaka, kwa hiyo binti huyo wa Bohemia akaenda kujitafutia riziki kwa Wajerumani.

Riziki hiyo aliipata Berlin mwaka 1898, alipoimba Santuzza katika Cavalleria rusticana, na akabaki katika opera ya kifalme ya mji huo kwa takriban miaka 10. Farrar alifika hapo tarehe 15 Oktoba 1901 akiwa Marguerite katika Faust ya Gounod, msichana wa Kimarekani wa miaka 19 ambaye hakuwahi kuimba opera kamili kwingineko. Kwa hiyo kwa miaka kadhaa wote wawili walikuwa wakilipwa na nyumba moja, ila kazi yao haikufanana. Destinn alikuwa nguzo iliyobeba uzito wa ratiba, akiimba Mozart juma hili na Wagner juma lijalo. Mwaka 1901 alikwenda Bayreuth, kwenye tamasha la opera za Wagner, kuimba Senta, mara ya kwanza Der fliegende Holländer kuonyeshwa katika tamasha hilo, na mwaka 1906 ndiye aliyekuwa Salome wa Strauss Berlin ilipoionja opera hiyo kwa mara ya kwanza. Farrar kwa upande wake alikuwa kipenzi cha mji, mwanafunzi wa soprano Lilli Lehmann, mwalimu aliyekuwa mkali kupita kiasi, na magazeti yalishughulika zaidi na uvumi wa urafiki wake na mwana wa mfalme kuliko na noti zake. Uvumi huo bado unapendwa na waandishi, lakini haumsaidii mtu kuchagua santuri.

Uhusika walioshirikiana ni Cio-Cio-San, msichana wa Kijapani anayeolewa na Mmarekani Pinkerton katika Madama Butterfly ya Puccini, na hapo ndipo ulinganisho unapokuwa wa haki. Opera hiyo ilizomewa La Scala, jumba la opera la Milan, mnamo Februari 1904, ikafanyiwa marekebisho na kuokolewa Brescia mwezi Mei mwaka huohuo, kisha ikaanza kuzunguka dunia. Ilipofika Covent Garden, London, tarehe 10 Julai 1905, Cio-Cio-San alikuwa Destinn, Pinkerton alikuwa Caruso, na balozi mdogo Sharpless alikuwa Antonio Scotti. Ilipofika Metropolitan tarehe 11 Februari 1907, Puccini mwenyewe akiwa ukumbini, Pinkerton alikuwa Caruso tena na Sharpless alikuwa Scotti tena, ila bibi harusi alikuwa Farrar. Ni nadra historia kumwekea msikilizaji mizani iliyo sawa namna hii: wanaume wawili walewale, opera ileile, na anayebadilika ni mmoja tu.

Mtunzi alikuwa na upande wake. Alimpenda Destinn wa London, lakini Farrar wa New York hakumridhisha, na katika barua zake alilalamika kwamba anakosea kimo cha sauti, anailazimisha, na haienei vizuri katika ukumbi mkubwa kama ule. Watazamaji wa New York hawakujali malalamiko hayo hata kidogo. Farrar aliimba Cio-Cio-San mara 95 katika jumba hilo moja, na kwa kizazi kizima cha watu wa mji ule Butterfly na Farrar vilikuwa kitu kimoja. Alikuwa amejifunza kwa mwigizaji wa Kijapani jinsi ya kupiga hatua ndogo, kuinama na kushika upepeo, na waliomwona walitoka wakizungumzia mikono yake kama walivyozungumzia sauti yake. Je, Puccini alikosea au watazamaji ndio waliokosea? Naona kila upande ulikuwa ukipima kitu chake. Mtunzi alikuwa akisikiliza, na hadhira ilikuwa ikitazama.

Chukua wimbo ambao wote wawili waliurekodi, Un bel dì vedremo, na uweke santuri zao moja baada ya nyingine. Cio-Cio-San anamweleza mtumishi wake jinsi siku moja moshi utakavyoonekana kwenye upeo wa bahari na meli nyeupe itakavyoingia bandarini, naye atakaa juu ya kilima asiteremke, kisha atajificha, kidogo kwa utani na kidogo ili asife kwa furaha. Puccini anamtaka mwimbaji aanze juu na kwa sauti ndogo, kana kwamba wimbo unatoka mbali. Destinn anaianza noti hiyo bila kuigusa kwa nguvu, kama mtu anayewasha taa ndogo katika chumba cha aliyelala, na kuanzia hapo sauti inashuka kwa mstari mmoja usiokatika. Meli anaiona kwa noti. Farrar anaiona kwa maneno: anaegemea silabi, anaharakisha kidogo pale msichana anapojifanya mcheshi, na mahali mume anapomwita sauti yake inabadilika rangi kuwa ya kitoto. Noti yake ya mwisho ya juu si kubwa kama ya Destinn, na msikilizaji mwenye sikio kali atamkuta akibana koo. Lakini unaelewa kwamba anadanganywa na matumaini yake, hata kama hujui neno la Kiitaliano.

Mimi nilianza na Farrar, na nakiri kwamba zilikuwa picha zake zilizonivuta kabla ya sauti yake.

Tofauti hiyo ya sauti na tendo ndiyo inayoeleza uhusika ambao kila mmoja aliupata baadaye. Puccini alipotafuta Minnie, alihitaji soprano mwenye uzito wa kupita juu ya okestra kubwa, na akampata Destinn, ambaye alikuwa amefungua msimu wa Metropolitan tarehe 16 Novemba 1908 kwa Aida, usiku uleule Arturo Toscanini alipoongoza okestra ya nyumba hiyo kwa mara ya kwanza. Miezi mitatu baadaye aliimba pia Mařenka katika Prodaná nevěsta ya Smetana chini ya Gustav Mahler, opera ya Kicheki iliyoletwa New York kwa Kijerumani, jambo ambalo Mcheki mwenye uchungu wa lugha yake lazima lilimkera. Onyesho la Fanciulla lilikuwa tukio la fedha na la kijamii. Bei ya tiketi ilipandishwa maradufu na polisi wakawa na kazi mlangoni. Ndani yake kuna mchezo wa karata ambao Minnie anaucheza kwa hila ili kuokoa uhai wa mpenzi wake, na katika tendo la mwisho anaingia akiwa juu ya farasi ili kumtoa kwenye kitanzi. Siku za mazoezi Puccini aliandika kwamba Caruso ni mkubwa katika uhusika wake na Toscanini ni kilele, ila kwa Destinn alisema si mbaya, lakini anahitaji nguvu zaidi. Kwa hiyo mwimbaji aliyemfurahisha katika Butterfly alimpungukia kidogo katika Minnie, na kilichopungua ni kile ambacho Farrar alikuwa nacho kwa wingi: mwili unaoigiza.

Si kwamba Destinn aliogopa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza aliigiza katika filamu iliyomtaka aimbe ndani ya kizimba cha simba, na akaimba.

Farrar aliufanya mwili huo kuwa mtaji. Kwa makofi ya mwisho ya Königskinder alitoka mbele ya pazia akiwa amembeba bata bukini kwapani, na watu wakashangilia kwa kishindo. Mwaka 1914 aliingia katika Carmen, na kiangazi cha 1915 akaenda Hollywood kuigiza Carmen hiyohiyo chini ya Cecil B. DeMille, katika filamu isiyo na sauti. Fikiria ujasiri wa kampuni ya sinema kumlipa mwimbaji mashuhuri ili asisikike! Filamu hiyo ipo hadi leo, pamoja na Joan the Woman ya mwaka uliofuata ambamo aliigiza Jeanne d'Arc, na ndiyo sababu mojawapo kubwa ya kumchagua Farrar: huyu tunaweza kumwona akisogea. Aliporudi Metropolitan mwaka 1916 alikuja na tabia za Hollywood, akamzaba Caruso kibao cha kweli jukwaani, na Caruso, ambaye kwa kawaida alikuwa mtu wa utani, hakuona utani wowote. Mgogoro ulijaa magazetini kwa siku kadhaa, na tiketi za Carmen hazikukosa wanunuzi.

Katika orodha ya uhusika, Farrar ana faida kwa mpenda hadithi na Destinn kwa mpenda muziki mzito. Pamoja na Butterfly na Carmen, Farrar aliimba Tosca, Mimì, Manon, Juliette, ambaye kwa uhusika huo alifungua msimu wa Metropolitan tarehe 26 Novemba 1906, na Cherubino wa Mozart. Alikuwa wa kwanza duniani kuimba uhusika mkuu wa Madame Sans-Gêne ya Giordano mwaka 1915 na wa Suor Angelica ya Puccini tarehe 14 Desemba 1918, kwa maana mtunzi aliyekuwa akimlalamikia hakuweza kumkwepa. Kwa jumla aliimba uhusika 29 katika maonyesho 672 ya nyumba hiyo. Vijana wa kike waliokuwa wakimfuata kila aendapo walipewa hadi jina lao magazetini. Alikuwa ameahidi kuacha akifika miaka 40, akatimiza ahadi: tarehe 22 Aprili 1922 aliaga kwa Zazà ya Leoncavallo, akasindikizwa mitaani kama kiongozi wa nchi. Destinn hakuwa na msafara wa namna hiyo. Yeye alikuwa Aida, Donna Anna, Santuzza, Tosca, Gioconda na wale wa Wagner, na nje ya jukwaa alikuwa akiandika mashairi na kuvua samaki.

Vita viliwagusa wote wawili, kila mmoja kwa upande wake. Farrar, aliyelelewa kisanaa Berlin, alishutumiwa nyumbani Marekani kwa kuwapenda Wajerumani. Destinn aliporudi Bohemia mwaka 1916, watawala wa Austria walimnyang'anya pasipoti kwa sababu ya uhusiano wake na wapigania taifa la Wacheki, akazuiliwa katika kasri lake la Stráž nad Nežárkou. Mwenzi wake, Dinh Gilly, mwimbaji wa sauti ya baritoni mzaliwa wa Algiers aliyekuwa Sonora katika onyesho la kwanza la Fanciulla, alikwama Bohemia pamoja naye kama raia wa nchi adui. Vita vilipokwisha na nchi yake ikapata uhuru, Destinn alirudi New York mwaka 1919 kwa jina lililogeuzwa kuwa la Kicheki, Ema Destinnová. Lakini miaka ya ukimya ilikuwa imechukua kitu, na muda mfupi baadaye kazi yake Metropolitan ikaisha. Alifariki České Budějovice tarehe 28 Januari 1930, miaka 37 kabla ya Farrar. Wacheki waliomkataa akiwa binti leo wanamtoa mfukoni: sura yake ndiyo iliyo kwenye noti ya koruna 2000.

Sasa tuje kwenye kile utakachonunua au kukipakua. Santuri zao mashuhuri zilirekodiwa kabla ya mwaka 1925, ambao maikrofoni iliingia studio za santuri, kwa hiyo humo tunawasikia kupitia pembe la bati. Mwimbaji alisimama karibu na mdomo wa pembe, wanamuziki wachache wakisongamana nyuma yake, na mtetemo wa sauti peke yake, bila umeme, ukachonga mfereji kwenye nta. Alipokaribia noti ya juu ilimbidi arudi nyuma hatua moja, ama sindano iruke. Upande mmoja ulibeba dakika nne na kidogo, na wimbo uliokuwa mrefu zaidi ulikatwa au ulikimbizwa. Wasomaji wa pwani wanaozijua santuri ambazo Siti binti Saad alizirekodi Bombay mwaka 1928 watatambua nembo, kwa sababu kampuni ileile ya mbwa anayesikiliza gramafoni iliwarekodi Farrar na Destinn katika ujana wao Berlin, lakini wasitegemee uwazi uleule. Siti alipata maikrofoni. Santuri hizi hazikuipata.

Pembe hilo halikuwatendea sawa. Lilipenda sauti ya katikati iliyo na ncha, na Farrar alikuwa nayo, ndiyo maana santuri zake za kampuni ya Victor ya Marekani zinasikika karibu na wazi hata kwa mtu ambaye hajazoea mikwaruzo. Sauti kubwa ya Destinn ilikuwa shida kwa vyombo vya wakati ule. Katika rekodi kadhaa noti zake za nguvu zinatoka ngumu, kama chuma kinachogongwa, na anayeanza anaweza kudhani ndivyo alivyoimba. Anachokosa katika nguvu anakulipa katika noti laini za juu, ambazo pembe liliweza kuzibeba bila kuzivunja. Kwa wingi Destinn ndiye tajiri: rekodi zake zinapita 200, kwa lugha kadhaa, na mwaka 1908 aliimba Faust na Carmen kamili kwa Kijerumani huko Berlin, wakati ambapo kurekodi opera nzima kulikuwa karibu na wazimu. Kuna pengo moja linaloumiza. Yeye na Caruso hawakuacha santuri hata moja ya Fanciulla, kwa hiyo ule usiku wa Desemba 1910 umekwenda na waliokuwapo. Pamoja wanasikika katika kipande cha Il Guarany ya Gomes, kilichorekodiwa mwaka 1914. Farrar na Caruso, kinyume chake, waliacha duo kutoka Butterfly yenyewe, iliyorekodiwa Machi 1908, mwaka mmoja tu baada ya onyesho lao la kwanza.

Kama unataka opera ikuingie kama hadithi, na hasa kama huna subira na kelele za santuri kuukuu, chagua Farrar, na uitazame ile filamu ya Carmen kabla ya kumsikia akiimba sehemu za Carmen alizorekodi kwa Victor. Kama umeimba kwaya, unajua taabu ya kushika noti ya juu kwa sauti ndogo bila kuyumba, chagua Destinn, kwa sababu utasikia kazi ambayo wengine hawaisikii. Kwa sikio langu, baada ya miaka ya kurudi kwao, Destinn ndiye anayebaki mpya. Hata hivyo simpendekezi awe wa kwanza. Anadai msikilizaji aliyekwisha kuzoea pembe.

Angalizo moja kabla ya kumhukumu yeyote. Santuri za miaka hiyo huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini nyingi zilirekodiwa chini ya hapo, na anayezihamisha kwenye kompyuta bila uangalifu huzipandisha kimo, akamfanya soprano mzito asikike kama mtoto anayeharakishwa. Un bel dì iko katika ufunguo wa sol bemoli (G-flat). Gusa noti hiyo kwenye kinanda wakati wimbo unaanza. Ikiwa mwimbaji yuko juu yake kwa nusu hatua, tafuta toleo jingine, kwa maana hapo humsikilizi Farrar wala Destinn. Ukipata yaliyo sahihi, sikiliza la Farrar kwanza, ufuatishe maneno, kisha la Destinn bila maneno mbele yako. Wasipangwe kinyume, kwa sababu baada ya ile noti ya kwanza ya Destinn, Farrar huonekana kama anazungumza.